Dilolo yahitaji daktari wa kila kitu, lakini nani atamfundisha?

Reli inayotoka Kolwezi hadi Dilolo ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na siku hizi inatajwa katika miji mikuu ya mbali kuliko wakati wowote tangu ilipofunguliwa mwaka 1931. Ni sehemu ya Kongo ya njia ya Lobito. Mwishoni mwa 2023, mzigo wa majaribio wa shaba kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ulipita njia hiyo, ukavuka mpaka na kuingia Luau nchini Angola, kisha ukafika bandari ya Lobito baada ya siku 8 hivi.

Mgonjwa wa Dilolo anasafiri kuelekea upande wa pili. Akiambiwa kwamba ugonjwa wake unahitaji daktari bingwa, anatafutiwa usafiri wa kwenda Kolwezi, na kama huko nako imeshindikana, anaendelea kilomita 300 nyingine hivi hadi Lubumbashi. Wakati wa mvua, barabara za udongo za magharibi mwa Lualaba zinaweza kuifanya safari hiyo kuwa ya siku kadhaa. Mama ambaye uchungu wa kujifungua umekwama hana siku kadhaa.

Kwa hiyo swali la nani anamtibu Dilolo lina uzito wake. Jibu lake haliko kwenye majengo na dawa peke yake. Liko pia katika jambo ambalo halizungumzwi sana mkoani: jinsi daktari wa hospitali ya pembezoni anavyofundishwa baada ya kupata shahada yake ya kwanza, na mahali anapofundishiwa.

Daktari mmoja, kazi za mabingwa watano

Mfumo wa afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, DRC, umejengwa juu ya zoni za afya, ambazo ni zaidi ya 500 nchi nzima. Kila zoni inatakiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa, na chini yake vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi. Dilolo, iliyo moja ya wilaya tano za Lualaba pamoja na Kapanga, Sandoa, Lubudi na Mutshatsha, iko ndani ya mpangilio huohuo.

Katika hospitali nyingi za rufaa za vijijini nchini, madaktari waliopo ni wale waliomaliza shahada ya udaktari wa jumla. Wamesoma miaka sita au saba, wakapita wodini kwa muda kama wanafunzi, kisha wakapangiwa kazi. Kuanzia siku ya kwanza, daktari huyo anatarajiwa kumpasua mama ili kumtoa mtoto, kufunga ngiri iliyojinyonga, kunyoosha mfupa uliovunjika, kumwongezea damu mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kumtibu mwenye kifua kikuu na kumfuatilia mwenye kisukari. Jioni anasaini ripoti ya mlipuko wa surua.

Si magonjwa ya nadra. DRC ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao wakiwa watoto. Haya yote yanaishia mlangoni kwa daktari yuleyule mmoja au wawili.

Madaktari wengi wa vijijini hujifunza kazi hizo kwa kuzifanya. Wenye bahati wanamkuta mkubwa wao anayewaonyesha. Wasio na bahati wanajifunza juu ya mgonjwa, usiku, kwa mwanga wa tochi, wakiwa na muuguzi mzee wa chumba cha upasuaji ambaye ameona mengi kuliko wao. Anayechoka na hali hiyo anaondoka kwenda kusomea ubingwa: upasuaji, watoto, akina mama au magonjwa ya ndani. Ubingwa huo unafundishwa katika hospitali kubwa za Lubumbashi au Kinshasa, unachukua miaka, na anayeumaliza anakuwa amezoea mji, vifaa na kipato cha mjini. Hospitali iliyompoteza inaanza upya na kijana mwingine.

Ubingwa wenye jina linalochanganya

Kuna aina ya mafunzo iliyobuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Inaitwa tiba ya familia. Jina lenyewe huwachanganya wengi. Wapo wanaodhani ni daktari anayetembelea nyumba za matajiri, na wapo wanaodhani ni uzazi wa mpango.

Katika nchi nyingi za Afrika, daktari wa familia ni bingwa wa hospitali ya wilaya na vituo vinavyoizunguka. Amesomea ubingwa kwa miaka mitatu hadi minne baada ya shahada ya kwanza, kama wenzake wa upasuaji au watoto, lakini badala ya kuzama kwenye kiungo kimoja au rika moja, anafundishwa kwa kina yale yanayomfikia daktari aliye peke yake. Afrika Kusini iliutambua rasmi kama fani ya ubingwa mwaka 2007, na sehemu nyingi inakofundishwa barani, stadi za upasuaji wa dharura ni sehemu ya mtaala.

Hapo ndipo Afrika inapotofautiana na Cuba, nchi ambayo sifa zake katika fani hii zinajulikana sana. Daktari wa familia wa Cuba anaishi katika mtaa anaouhudumia, anazijua kaya zake, anapima shinikizo la damu na kufuatilia wajawazito. Mwenye kuhitaji kisu anapelekwa hospitali, ambayo haiko mbali. Daktari wa familia wa Dilolo angepaswa kuzijua kaya, na kisu awe nacho mkononi.

Mafunzo yenyewe yanavyokwenda

Anayesomea tiba ya familia ni daktari kamili anayefanya kazi huku akisoma. Miezi kadhaa anakaa wodi ya watoto, miezi mingine wodi ya uzazi, kisha upasuaji, magonjwa ya ndani, afya ya akili, macho, ganzi na nusukaputi. Katika kila wodi ana msimamizi.

Stadi za mikono zina ngazi zake. Kwanza anatazama, kisha anasaidia, kisha anafanya huku msimamizi amesimama pembeni, mwisho anafanya mwenyewe. Kila hatua inaandikwa kwenye daftari la kazi na kutiwa saini. Hivyo msimamizi anajua kwa hakika kwamba kijana huyu ameshachoma sindano ya ganzi ya uti wa mgongo mara nyingi kiasi cha kutosha, na yule bado hajafikia kuachwa peke yake na mashine ya ekografi.

Upande wa masomo una ratiba ya kila wiki. Asubuhi kuna taarifa ya zamu ya usiku, ambapo aliyekuwa kazini anaeleza wagonjwa aliowapokea na kuulizwa kwa nini aliamua alivyoamua. Kuna siku ya kusoma makala ya kitabibu na kuichambua: je, dawa iliyopimwa katika hospitali kubwa ya ng'ambo itafaa pale ambapo maabara ina darubini na vipimo vichache vya haraka? Kuna kikao cha vifo, ambapo kila kifo kinapitiwa bila kumtafuta wa kulaumiwa, ili kujua kilichochelewa: familia kuamua, usafiri, au hospitali yenyewe. Mwishoni kuna tasnifu na mtihani wa chuo kikuu.

Kinachoitofautisha fani hii na nyingine ni jinsi mgonjwa anavyotazamwa. Mfano rahisi ni mama wa miaka 50 anayekuja na maumivu ya kichwa. Mara ya kwanza anapewa paracetamol, mara ya pili anatibiwa malaria, mara ya tatu analetwa akiwa amepooza upande mmoja. Daktari aliyefunzwa kwa njia hii anapima shinikizo la damu siku ya kwanza, anauliza nani nyumbani anashika pesa ya dawa, na anakubaliana na muuguzi wa kituo cha karibu nani atampima kila mwezi. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita SS. Damu anayoongezewa leo inamvusha wiki hii. Chanjo, kinga ya malaria na mzazi anayejua dalili za hatari ndivyo vinavyomfikisha shule.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi. Katika wilaya ya Dilolo wagonjwa huzungumza Kichokwe, Kilunda, Kilwena na Kiswahili, na walio karibu na mpaka wana Kireno. Daktari aliyesomea Kifaransa darasani anahitaji kufundishwa kuuliza swali la aibu kupitia mkalimani, na kujua lini mkalimani huyo, ambaye pengine ni shemeji wa mgonjwa, anapaswa kutoka nje.

Kongo ina mfano wake

Mafunzo haya si mageni nchini. Hospitali ya Vanga, iliyoko kando ya mto Kwilu katika mkoa wa Kwilu, imekuwa ikiwafunza madaktari kwa miongo mingi. Daktari Mmarekani Daniel Fountain alifanya kazi hapo kuanzia 1961 hadi 1996, na katika kipindi hicho Vanga ilijulikana kwa kuunganisha hospitali na vituo vya vijijini, wazo ambalo liko karibu sana na zoni za afya za leo. Madaktari vijana walipelekwa huko kujifunza, na mpango wa ubingwa wa tiba ya familia ukajengwa juu ya msingi huo, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kongo kilichoko Kinshasa.

Mashariki, hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, ilianza kwa lengo la kuwaendeleza madaktari wa Kongo bila kuwaondoa Kongo. Lava ya Nyiragongo iliteketeza majengo yake Januari 2002, nayo ikajengwa upya na kuendelea kufundisha, tiba ya familia ikiwemo.

Kwa kijana wa Dilolo, hata hivyo, sehemu hizo mbili ziko mbali mno. Vanga iko upande mwingine wa nchi. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Na kumpeleka mbali kunarudisha tatizo lilelile: anajifunza kwa vifaa na wagonjwa wa mahali pengine, na haijulikani kama atarudi.

Majirani wamejaribu, wengine wamekwama

Katika Afrika Mashariki, Uganda ilitangulia. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mafunzo ya aina hii mwaka 1989, wakati huo yakiitwa udaktari wa jamii. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilifungua shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, na uamuzi wake mmoja unastahili kuangaliwa na watu wa Lualaba. Badala ya kuwabakiza wanafunzi wote katika hospitali kubwa ya Eldoret, kiliwapeleka Webuye, hospitali ya umma katika mji mdogo wa magharibi, na katika hospitali za misheni kama Chogoria, Kijabe na Tenwek. Chuo kilifuata mahali penye kazi.

Kenya ilijaribu pia njia ya pili. Mwaka 2018 iliwatuma madaktari 50 Cuba kusomea tiba ya familia, huku Cuba ikileta madaktari wake wapatao 100. Wakenya hao walilazimika kujifunza Kihispania kwanza, kisha wakasomea katika mfumo ambao, kama ilivyoelezwa hapo juu, hauna haja ya daktari wa familia anayepasua. Mpango wa madaktari wa Cuba ulimalizika 2023. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria ya huduma ya afya ya msingi, inayoweka mitandao ya vituo vinavyoshirikiana, na madaktari wa familia wakapewa nafasi ya kuongoza timu zake. Hapo ndipo waliohitimu walipopata kazi inayoeleweka.

Rwanda inatoa funzo la upande mwingine. Chuo kikuu chake cha taifa kilianza kufundisha tiba ya familia mwaka 2008, kwa msaada wa wenzao wa Colorado, Marekani. Baada ya miaka michache mpango ulisimamishwa na serikali ikaelekeza nguvu kwenye fani nyingine za ubingwa. Walimu walikuwepo na wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi ya kudumu katika mfumo wa ajira: cheo, mshahara na mahali pa kumpanga aliyehitimu.

Lualaba ingehitaji nini

Mkoa wa Lualaba una vyombo vya kuanzia. Kolwezi ina hospitali ya mkoa ya Mwangeji na chuo kikuu chake. Lubumbashi ina kitivo cha udaktari cha UNILU, ambacho kimewafundisha madaktari wengi wa Katanga ya zamani. Musumba, wilayani Kapanga, ina hospitali ya Samuteb ya Kanisa la Methodisti, yenye historia ndefu ya kuhudumia watu walio mbali na mji.

Kwa uzoefu wa majirani, mambo manne ndiyo yanayoamua kama mafunzo kama hayo yatasimama Dilolo au yatabaki kwenye karatasi.

La kwanza ni mwalimu anayeishi hapo. Daktari anayesomea ubingwa hawezi kusimamiwa kwa simu anapofungua tumbo. Hospitali inahitaji angalau madaktari wawili wazoefu, ili mmoja akisafiri au akiugua masomo yasikatike, pamoja na mabingwa wa Kolwezi au Lubumbashi wanaokuja kwa zamu, wiki mbili za upasuaji, wiki mbili za uzazi. Intaneti ya uhakika inaweza kubeba mihadhara na vikao vya kesi. Kazi ya mikono haiwezi.

La pili ni chuo kikuu kinachotoa cheti kinachotambuliwa. Daktari atakayetumia miaka minne Dilolo na kupata cheti kisichompandisha cheo hatadanganyika mara mbili, na wadogo zake hawatamfuata.

La tatu ni hospitali yenyewe kuwa na hadhi ya kufundishia. Damu salama, oksijeni, umeme wa saa zote, maabara inayofanya kazi na rekodi zinazoandikwa vizuri ni mahitaji ya masomo, na hapohapo ni mahitaji ya mgonjwa. Sehemu nyingi, hospitali iliyoanza kufundisha ililazimika kurekebisha mambo iliyokuwa imeyazoea.

La nne ni kipato. Madaktari wengi wa serikali nchini wamewahi kufanya kazi muda mrefu bila matrikule, yaani bila namba inayowaingiza kwenye orodha ya mishahara, na madai hayo yamekuwa chanzo cha migomo ya mara kwa mara. Katika ukanda wa shaba kuna mshindani wa ziada: zahanati za kampuni za madini, ambazo daktari mzoefu akiajiriwa nazo analipwa kwa wakati. Mkoa unaofundisha daktari wa familia bila kumwandalia mshahara unaifundishia migodi.

Fedha za kuanzia si ndoto kwa mkoa huu. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 serikali ya mahali mgodi ulipo na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile asilimia 15 inabaki kwa majirani wa migodi mikubwa ya Kolwezi na Lubudi. Asilimia 25 ni ya Lualaba nzima, na Dilolo ni Lualaba. Mishahara ya walimu wawili na posho za madaktari wanne wanaosoma ni fungu dogo mbele ya barabara na majengo ambayo mkoa umeyajenga tangu ulipozaliwa mwaka 2015.

Upande wa serikali kuu, mpango wa kujifungua bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 unaongeza uzito wa hoja. Mama akiondolewa gharama atakuja hospitali. Akifika lazima amkute mtu anayejua kumpasua kwa usalama, kumpa ganzi sahihi na kumfufua mtoto aliyezaliwa bila kulia.

Hesabu ya muda ndiyo inayopaswa kuwasumbua waamuzi. Mafunzo haya hayana njia ya mkato ya semina ya wiki moja. Darasa likifunguliwa mwaka wa masomo ujao, daktari wa kwanza wa familia aliyefunzwa Lualaba atasaini cheti chake baada ya miaka minne, na wa kwanza kufundisha wengine atahitaji miaka mingine miwili au mitatu ya uzoefu. Likiahirishwa, hesabu inasogea mbele kwa kiasi hichohicho. Wakati huo wote, zamu ya usiku katika hospitali za pembezoni itaendelea kushikwa na kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye hajawahi kuonyeshwa na mtu kile anachotakiwa kufanya.